Usiku mmoja, saa sita: kisa cha swichi zilizoshindwa kukubaliana

Mzee wa zamu aliandika kwa kalamu ya bluu, mstari mmoja na nusu: "Usiku wa Alhamisi, saa 8:17, mashine zote nne zimezima zenyewe. Taa zinawaka." Akatia sahihi, akafunga daftari, akaenda kuwasaidia vijana kuchokonoa mashudu.

Yale maneno mawili ya mwisho ndiyo yaliyozaa ugomvi. Kama taa zinawaka, umeme haukukatika. Kama umeme haukukatika, basi kosa ni la mtandao. Hivyo ndivyo walivyosema mafundi umeme asubuhi yake, na hawakuwa na sababu ya kusema vingine. Watu wa otomesheni wakajibu kwamba mtandao haujawahi kusumbua tangu ufungwe mwezi Julai. Kufika Alhamisi jioni meneja alikuwa amechoka kuwasikiliza wote wawili, akanipigia mimi.

Kiwanda ni cha kukamua alizeti, kiko Singida, si kikubwa wala si kidogo. Asiyejua kazi hii atauliza kwa nini kusimama kwa mashine kunaleta kikao. Mashine ya kukamulia ni skrubu nene inayozunguka ndani ya kizimba cha chuma. Ikisimama huku imejaa, mashudu hukaukia humo na kuishika shafti. Huwezi kubonyeza kitufe ikaendelea. Unafungua, unachokonoa, unagonga, halafu ndiyo unawasha. Usiku ule walimaliza mashine ya nne karibu na alfajiri.

Mtandao wenyewe ni mduara wa swichi tatu, yaani vifaa vinavyounganisha kebo za mtandao: ya kwanza chumba cha udhibiti, ya pili chumba cha boila, ya tatu ukumbi wa kukamulia. (Kikaoni tulipoteza dakika kumi nzima kwa sababu kila niliposema "swichi", fundi umeme alifikiria ile ya ukutani. Baadaye tukaanza kuziita "swichi za mtandao" kwa jina kamili, kama watoto waliokosea.) Zote tatu zimebanwa kwenye reli ndani ya paneli, hazina feni, zinakula volti 24. PLC, kompyuta ndogo inayoendesha mashine, iko chumba cha udhibiti na inazungumza na moduli za I/O (vipokezi na vitoaji vya ishara za mashine) zilizoko ukumbini kupitia mduara huo. Ikikosa jibu, inazima kila kitu kwa usalama.

Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu: kipi kilitangulia? Mtandao ulikatika, mashine zikazima? Au kuna umeme uliozima mahali, ukauangusha mtandao pamoja na mashine? Majibu yako kwenye kumbukumbu za vifaa, ambavyo kila kimoja kimeandika kilichokiona na saa kilipokiona. Nilipofika Ijumaa asubuhi niliziomba zote, nikaziandika kwenye karatasi moja:

Daftari la zamu: usiku wa Alhamisi, saa 8:17
Kompyuta ya SCADA (inayoonyesha na kurekodi hali ya mashine): Alhamisi, 02:20:57
PLC: Jumatano, 23:17:20
Swichi ya chumba cha udhibiti: Jumatano, 20:16:39
Swichi ya boila: Alhamisi, 01:13:21
Swichi ya ukumbini: tarehe 1 Januari 1970, 03:00:00

Tukio ni moja, na saa ni sita.

Kabla sijafika, tayari kulikuwa na ripoti. Injinia wa kampuni iliyofunga mfumo, ambaye yuko Ulaya, alikuwa ametumiwa picha za skrini pamoja na tafsiri ya daftari. Karani alitafsiri neno kwa neno: Alhamisi usiku, 8:17. Injinia akaona 8:17 usiku, kwake hiyo ni 20:17. Akaangalia swichi ya chumba cha udhibiti, akaona mduara ulikatika saa 20:16:39. Vimeoana! Tofauti ni kwamba swichi inasema Jumatano na daftari linasema Alhamisi, akahitimisha kwamba mwandishi wa daftari amechanganya siku. Halafu akaona kwenye SCADA kwamba mashine zilizima Alhamisi saa 02:20. Hesabu yake ikawa hii: mduara wa mtandao ulikatika Jumatano saa 20:17, mfumo ukaendelea kwa upande mmoja wa mduara kwa saa sita, kisha upande wa pili nao ukafa. Kosa la mtandao, bila shaka.

Ripoti ilikuwa nadhifu na ina michoro. Nami nadhani ningekuwa mahali pake, bila kujua Kiswahili, ningeandika vilevile. Lakini tofauti ya saa sita kamili, katika nchi hii, humshtua kila Mswahili. Saa nane usiku ni 02:00. Saa zetu zinaanza kuhesabiwa jua linapochomoza na linapotua, za dunia zinaanza katikati ya usiku, na kati ya hizo mbili kuna sita. Ukiona vitu viwili vimepishana saa sita bila dakika ya ziada, usitafute hitilafu, tafuta mtu aliyechapa saa kama anavyoitamka.

Nilimpata baada ya dakika tano. Fundi wa hapo hapo, kijana makini, wiki mbili kabla walizima swichi ya chumba cha udhibiti ili kusafisha paneli. Ilipowaka ikamdai tarehe na saa. Ilikuwa saa tano na nusu asubuhi, akachapa 05:30. "Bosi, si ndiyo saa tano na nusu?" Ndiyo saa tano na nusu. Swichi ilitaka 11:30.

Na siku? Nilimfuata mzee wa zamu, alikuwa amelala maana alikuwa zamu ya usiku tena. Alipoamka nikamwamkia, akaitikia, nikamwambia kwamba ripoti inasema alikosea siku. Mzee ametokea Pangani. Alinitazama kwa muda. "Mwanangu, usiku wa Alhamisi naujua tangu sijaota ndevu. Ni ule wa kuamkia Alhamisi. Jumatano jua likizama, Jumatano imekwisha." Hapo hakuna cha kujadili, kwa hesabu ya pwani usiku hutangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa ndio ule ambao watu husomewa hitima, Alhamisi baada ya magharibi. Saa yake ilikuwa ya simu, na simu inachukua saa kutoka mtandao wa simu. Katika saa zote sita za usiku ule, iliyokuwa sahihi tangu mwanzo ni ya mzee, na ndiyo iliyotupwa kwanza.

Sasa kuna jambo ambalo nalisema kila mahali, na watu wengi huliona la ajabu: saa iliyokosea usiirekebishe kwanza. Kwanza andika imekosea kwa kiasi gani. Saa mbovu ambayo unajua ubovu wake ni ushahidi mzuri kama saa nzima. Unachukua maandishi yake, unajumlisha au kutoa, umepata ukweli. Ukishairekebisha, ule umbali kati yake na ukweli umefutika, na maandishi yote ya nyuma yanakuwa maneno matupu.

Kwa hiyo nilifanya kazi ya kijinga inayochukua robo saa. Nilifungua ukurasa wa saa wa kila swichi kwenye kompyuta mpakato, nikaweka simu pembeni ya skrini ikionyesha sekunde, nikapiga picha zote mbili katika fremu moja. Swichi ya boila: simu inasoma 10:40:00, swichi inasoma 09:36:15. Imechelewa saa 1, dakika 3 na sekunde 45. Swichi ya chumba cha udhibiti: imechelewa saa 6 na sekunde 26. PLC: ukiongeza saa 3 (sababu inakuja), inakimbia mbele sekunde 16. Swichi ya ukumbini niliiacha ya mwisho kwa sababu ilidai tuko Januari 1970.

Kompyuta ya SCADA ilikuwa imeshaharibiwa, kwa nia njema. Alhamisi asubuhi kijana aliona saa yake haiendani na simu, akairekebisha. Ilikuwa imekosea kiasi gani? "Dakika tatu, nne hivi." Dakika tatu na nne kwa kesi ya sekunde ni mbali kama Singida na Tanga. Bahati ni kwamba Windows ina tabia nzuri: mtu akibadilisha saa, yenyewe inaandika kwenye kumbukumbu za mfumo kwamba saa imehamishwa kutoka hapa kwenda hapa, na zote mbili inaziandika kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia. Tulilitafuta tukio hilo, tukalipata: ilirudishwa nyuma dakika 3 na sekunde 43. Baada ya marekebisho ilibaki imezidi sekunde 9. Jumla, usiku ule ilikuwa mbele dakika 3 na sekunde 52. Toa hizo kwenye 02:20:57, unabaki na 02:17:05.

PLC inaandika kwa UTC, na Afrika Mashariki tuko mbele saa 3. Jumatano 23:17:20, toa sekunde 16, ongeza saa 3: Alhamisi 02:17:04. Swichi ya chumba cha udhibiti, ongeza saa 6 na sekunde 26: Alhamisi 02:17:05. Ile ripoti ya mtandao ulioumwa saa sita kabla ya kufa ikaishia hapo. Hakukuwa na Jumatano jioni yoyote.

Swichi ya boila ndiyo niliyokaa nayo zaidi, na ndiyo iliyomaliza kesi.

Kwanza ile saa moja. Ukurasa wake wa saa ulikuwa umewekwa ukanda wa GMT+2, Athene na Helsinki, na alama ya tiki kwenye saa za majira ya joto. Nilicheka peke yangu. Aliyeifunga Julai alikuja na mipangilio ya kwao, akaiingiza kama ilivyo, akaangalia saa: sahihi kabisa. Na kweli ilikuwa sahihi. Ulaya ya mashariki wakati wa kiangazi husogeza saa mbele, GMT+2 inakuwa GMT+3, ambayo ndiyo Saa za Afrika Mashariki. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Helsinki na Singida zina saa ileile. Jumapili ya mwisho ya Oktoba swichi ikarudisha saa nyuma kwa utii, katika nchi ambayo haina habari na majira ya joto ya mtu, na hakuna aliyeona. Kosa la namna hii ni baya kuliko la 1970, kwa sababu la 1970 linajitangaza. Hili linapita ukaguzi wa siku ya makabidhiano.

Zilizobaki, dakika 3 na sekunde 45, ni uzembe wa kioo, kile cha kwatzi kinachohesabu sekunde ndani ya saa. Swichi ile ina umeme wa UPS (betri ya akiba), haijawahi kuzima tangu Julai, na ilichapwa saa kwa mkono bila seva ya muda. Sekunde 225 kwa takriban siku 125 ni sekunde 1.8 kwa siku. Hiyo ni kawaida ya kioo cha kwatzi cha bei ya kawaida kilichofungiwa kwenye paneli ya chumba cha boila. Tangu tukio hadi picha yangu zilikuwa zimepita saa kama 32, kwa hiyo usiku ule uchelewaji ulikuwa mdogo kwa sekunde mbili hivi: saa 1, dakika 3, sekunde 43. Kumbukumbu zake, nimezitafsiri, zilisema:

01:13:20 umeme wa pili umezima
01:13:21 poti 2 imekatika
01:13:57 umeme wa pili umewaka
01:14:49 poti 2 imeunganika

Poti 2 ndiyo kebo inayokwenda swichi ya ukumbini. Lakini tazama mstari wa kwanza. Swichi za viwandani huwa na viingilio viwili vya umeme ili kimoja kikifa kingine kibebe. Kiingilio cha kwanza cha swichi ya boila kimetoka UPS. Cha pili, fundi mmoja mwenye akili alikivuta kupitia ukutani kutoka paneli ya ukumbi wa kukamulia. Na kiingilio hicho kilizima sekunde moja kabla ya poti kukatika.

Hapo sikuhitaji tena hesabu ya saa. Ndani ya kifaa kimoja mpangilio wa matukio ni wa kuaminika hata kama saa yenyewe inaishi Helsinki. Umeme wa volti 24 wa paneli ya ukumbini ulizima kwanza, mtandao ukafuata. Hesabu ya saa ilihitajika kuthibitisha tu kwamba ni tukio lilelile: 01:13:20 jumlisha 1:03:43 ni 02:17:03.

Swichi ya ukumbini ilikuja kutia muhuri. Kumbukumbu zake zote za nyuma zilikuwa zimepotea, imeanza upya 1 Januari 1970. Vifaa vingi vya aina hii havina betri ya kutunza saa. Betri na joto la paneli haviishi pamoja, na hakuna anayetaka kufungua swichi kila baada ya miaka michache kubadilisha betri. Ikizima, saa imekufa. Ikiwaka, inaanza kuhesabu kutoka mahali mtengenezaji alipopaona panafaa. Wengi huanzia 1970, ambako mifumo ya ukoo wa Unix huanzia kuhesabu. Swichi nyingi za Cisco huamka tarehe 1 Machi 1993, na fundi aliyezizoea akiiona tarehe hiyo anajua papo hapo kwamba saa haijawekwa. Hii ya kwetu iliandika 03:00:00 badala ya 00:00:00, na hizo saa tatu ni habari pia: ukanda wa +3 umewekwa vizuri. Kinachokosekana ni mtu wa kuiambia leo ni lini.

Saa haikuwepo, lakini ilikuwa inahesabu muda tangu iwake: siku 1, saa 8, dakika 22 na sekunde 20, wakati simu yangu inasoma Ijumaa 10:40:00. Rudi nyuma kiasi hicho, unafika Alhamisi 02:17:40. Sasa linganisha na boila: umeme wa pili uliwaka 01:13:57, jumlisha 1:03:43, ni 02:17:40. Swichi ya ukumbini inasema poti yake iliunganika sekunde 52 baada ya kuwaka, yaani 02:18:32. Boila inasema 01:14:49, yaani 02:18:32. Sijawahi kufurahia kujumlisha kiasi kile. (Tahadhari ndogo kwa watakaotumia njia hii kupitia SNMP, itifaki ya kuviuliza vifaa vya mtandao hali zao: kihesabuji kile huzunguka na kurudi sifuri baada ya siku 497. Kwa siku mbili hakina shida.)

Niliwaonyesha mafundi umeme karatasi. Sikusema "kosa lenu", nilisema umeme wa volti 24 wa paneli ile ulipotea kwa sekunde 37 na ukarudi wenyewe. Mkubwa wao hakubisha. Alichukua bisibisi, akafungua paneli, akashika waya unaoingia kwenye breka ya pawa saplai, akautikisa kidogo. Taa ya kijani ya swichi ikapepesa. Skrubu ilikuwa imelegea, na ncha ya waya imeanza kuwa nyeusi. Mashine zinatetemesha ukumbi mzima usiku na mchana, skrubu nayo haikukazwa upya tangu Julai. Pawa saplai hiyo ndiyo inayolisha swichi na moduli za I/O. Taa za ukumbini zina waya wao, ndiyo maana ziliendelea kuwaka. Mzee wa zamu hakukosea hata hapo.

Na tukaona jambo lingine: swichi ya ukumbini nayo ina viingilio viwili vya umeme, na vyote viwili vimeunganishwa kwenye pawa saplai ileile moja. Nimeliona hili mara nyingi mno. Taa mbili zinawaka kwenye uso wa swichi, mteja anafurahi. Kile cha pili tulikihamishia kwenye umeme wa boila.

Baada ya hapo ndipo nilipogusa saa.

Mtandao wa mashine hauna intaneti, na haupaswi kuwa nayo. Ukanda wa swichi ya ukumbini ulikuwa sawa, lakini kwenye nafasi ya seva ya muda mtu aliandika jina la pool.ntp.org, kundi la seva za saa zilizoko kwenye intaneti. Swichi haina DNS ya kuligeuza jina hilo kuwa anwani, na hata ingekuwa nayo isingefika huko nje. Tangu Julai imekuwa ikiita kisimani. Nilichagua ruta ya ofisini iwe mtunza saa: yenyewe inauliza nje, africa.pool.ntp.org, na vifaa vyote vya kiwandani vinaiuliza ruta kwa namba ya anwani, siyo kwa jina. Kati ya mitandao miwili, wa ofisi na wa mashine, nilifungua UDP poti 123 (mlango ambao maswali ya saa hupitia) kuelekea ruta, basi. Kompyuta ya SCADA nikaifanya mtunza saa wa akiba, kwa kuwa ina betri yake ya saa ndani. Ukifanya hivi kumbuka kwamba Windows ya kawaida haigawi saa mpaka uiwashie huduma hiyo na kuifungulia mlango kwenye ukuta wake wa moto.

Baadhi watauliza kwa nini sikununua kipokezi cha GPS. Kinunuliwe, ni kizuri. Lakini hapa hatupimi mikrosekunde kama kituo cha kupozea umeme. Tunataka vifaa sita vikubaliane ndani ya sekunde moja. Intaneti ikikatika wiki nzima, ruta itateleza sekunde chache, na vifaa vyote vitateleza nayo. Kwa uchunguzi wa tukio, afadhali wote wakosee pamoja kuliko mmoja awe sahihi peke yake.

Ukanda niliuweka +3. Kwenye orodha ya swichi ya boila unaandikwa Nairobi, na wapo wanaoiruka wakitafuta Dar es Salaam ambayo haimo. Chagua Nairobi, ni saa yetu. Saa za majira ya joto nikazima kabisa. Watu huchanganya hapa: seva ya NTP, itifaki ya kugawa saa kwenye mtandao, haitoi saa ya Singida wala ya Helsinki. Tangu David Mills alipoiandika itifaki hiyo mwaka 1985, kinachosafiri kwenye waya ni UTC tu. Ukanda ni nguo ambayo kila kifaa kinajivalisha chenyewe. Ndiyo maana ukiipa seva saa ya hapa halafu ukaweka +3 kwenye swichi, unapata saa tatu za bure.

Swichi ya boila ilinigomea. Anwani ya ruta ipo, ukanda upo, saa haiji. Nikabadilisha kipindi cha kuuliza, nikaiwasha upya huduma, hakuna. Nusu saa baadaye nikagundua lango la kutokea liko wazi, halijajazwa. Swichi yenyewe haikuwahi kuhitaji kutoka nje ya mtandao wake. Inapitisha mazungumzo ya wengine, yenyewe haina safari. Sasa ilikuwa na safari. Nilipojaza lango, saa ikaja ndani ya sekunde chache. Kipindi cha kuuliza nikakiacha sekunde 600. Kwa kioo kinachopoteza sekunde 1.8 kwa siku, katika dakika kumi hupotea kama milisekunde 12.

PLC nikaiacha kwenye UTC. Waliotaka niibadilishe nikawakatalia, kwa sababu programu yake inategemea hivyo na sikutaka kugusa nisichokiandika. Nikabandika kibandiko ndani ya mlango wa paneli: "Saa ya PLC ni UTC. Ongeza saa 3." Kumbukumbu za swichi zote nazo zinatumwa kwenye kompyuta moja, ambayo inazigonga muhuri wa saa yake inapozipokea.

Halafu kusevu. Kwenye swichi hizi kutekeleza ni jambo moja na kusevu ni jingine. Ukitekeleza bila kusevu, kila kitu kinafanya kazi vizuri mpaka umeme ukatike. Nilisevu zote tatu, na Jumamosi jioni, mashine zikiwa zimesimama kwa usafi, tukazima umeme wa swichi ya ukumbini kwa makusudi, viingilio vyote viwili. Iliwaka. 03:00:00, Januari 1970. 03:00:52, poti imeunganika. Mstari uliofuata ulikuwa na tarehe ya siku hiyo. Ile mistari miwili ya 1970 itakuwepo kila inapowaka, haiondoki, maana wakati huo swichi bado haijapata wa kumuuliza. Nimewaambia wasinipigie simu kwa ajili yake.

Injinia wa Ulaya aliandika ripoti ya pili, fupi, bila michoro. Akauliza swali moja: ile 8:17 ya daftari inasomwaje hasa? Nikamjibu. Mzee wa zamu nilimwomba akiandika daftari aweke "usiku wa kuamkia" badala ya "usiku wa", ili karani asimtafsiri vibaya. Alikubali. Saa zake alikataa kuzigusa.